Kuomba ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la mtu: jibu kwa msomaji wa Dayton, Ohio

"Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo. Tulipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku, na sasa niko Dayton na familia. Baba yangu alikuwa mwindaji. Kule kwetu pori lilikuwa la wote, na akipata mnyama alipeleka mguu kwa mkubwa wa kijiji, basi. Huku nimemaliza darasa la usalama, nimekata leseni, nimenunua upinde. Kila asubuhi nikienda kiwandani naona kulungu wamejaa kwenye shamba moja la soya kando ya barabara. Hakuna uzio, hakuna kibao. Rafiki yangu anasema pasipo na kibao unaingia tu. Mwingine anasema mpe mwenye shamba dola mia, yaishe. Mke wangu hataki nisikie hata mmoja wao: anasema mtu mweusi akienda kugonga mlango wa mzungu huko mashambani anaweza kupigwa risasi. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Nitaombaje ruhusa bila kujidhalilisha na bila kujiletea matatizo? Na wakikataa je?"

Ndugu yangu, nauelewa wasiwasi wako hivi: umetimiza yote ambayo jimbo linakutaka utimize, wanyama unawaona kwa macho yako kila siku, lakini hujui pa kupitia kuwafikia. Unaogopa kuvunja sheria na unaogopa kuvunjiwa heshima, na mkeo anaogopa jambo kubwa kuliko hayo mawili. Nitaanza na sheria, kwa sababu hapo ndipo rafiki yako wa kwanza amekupotosha vibaya.

Ohio haihitaji kibao. Sheria ya jimbo inasema mtu hawezi kuwinda kwenye ardhi ya mwingine bila ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi, na karatasi hiyo unatakiwa kuwa nayo mwilini unapowinda. Uzio uwepo usiwepo, kibao kiwepo kisiwepo, hata kama shamba limeachwa miaka na magugu yamefika kifuani, bado lina mwenyewe na bado unahitaji karatasi. Ruhusa ya mdomo, hata ya mtu aliyekupungia mkono kutoka kwenye trekta, haitoshi. Askari wa wanyamapori akikukuta bila karatasi unaandikiwa kosa la jinai, na kwa mtu ambaye bado yuko njiani kuomba uraia, karatasi ya mahakama ni mzigo. Nitalirudia hilo baadaye.

Rafiki yako huenda alisikia habari za jimbo jingine, maana majimbo hayafanani. Maine ina desturi ya miaka mingi ya watu kupita na kuwinda kwenye misitu ya watu binafsi isiyowekewa vibao. Kentucky inataka ruhusa lakini inaikubali hata ya mdomo. Idaho ilikaza sheria yake mwaka 2018. Texas, kuwinda kulungu bila idhini ya mwenye ardhi kunaweza kuhesabiwa katika makosa makubwa ya jinai, yale yanayomfunga mtu na kumharibia maisha. Missouri, Illinois na Indiana zinatambua mstari wa rangi ya zambarau uliopakwa kwenye mti kuwa sawa na kibao cha kuzuia kuingia, na mgeni asiyejua anaupita akidhani ni alama ya wakata miti. Kwa hiyo ndugu zetu wa Louisville, Boise au Portland wanaosoma hapa wasichukue sheria ya Ohio wakaipeleka kwao. Kila jimbo hutoa kijitabu cha kanuni za uwindaji kila mwaka, bure. Kisome cha kwenu.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha swali lako, maana likieleweka hili mengine yote yanafuata. Watu wengi waliotoka kwetu wanadhani wanamwomba mkulima mnyama. Hapana. Huku Marekani kulungu si wa mwenye shamba, hata akilala na kuzaa ndani ya soya yake. Wanyamapori ni mali ya umma, na jimbo ndilo linalowasimamia kwa niaba ya wananchi wote. Mnyama umeshaombea ruhusa ulipokata leseni na kibali cha kulungu. Hapo hatuko mbali sana na Tanzania, ambako nako mnyamapori ni mali ya umma. Kinachobaki mikononi mwa mkulima ni ardhi: nani akanyage, apite wapi, lini, na akiwa na silaha gani. Na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Ohio iko mikononi mwa watu binafsi, ndiyo maana huwezi kuwinda kwa raha karibu na Dayton bila kuzungumza na mtu.

Kwa hiyo unachomwomba mkulima ni akuamini. Baba yako hakuhitaji kuomba hivyo kwa sababu kijiji kilimjua tangu anazaliwa; walijua tabia yake na walijua watamkuta wapi akikosea. Wewe huku hujulikani. Mwenye shamba akikutazama mlangoni hafikirii kulungu hata kidogo. Anafikiria ng'ombe wake, madirisha yake, wajukuu wanaocheza nyuma ya ghala, na yule mtu wa miaka iliyopita aliyepewa ruhusa peke yake akaja na wenzake wanne na gari likachimba mitaro shambani siku ya mvua. Anafikiria pia jambo ambalo huenda hatalitamka: kwamba ukianguka kutoka mtini ukavunjika mgongo, utamshtaki.

Hofu hiyo ya mwisho ina jibu la kisheria, na ni vizuri ulijue. Ohio, kama majimbo mengine yote ya nchi hii, ina sheria inayomlinda mwenye ardhi anayeruhusu watu kuingia kwake kwa burudani, uwindaji ukiwemo, bila kuwatoza. Akikuruhusu bure, sheria haimdai akuhakikishie kwamba shamba lake ni salama kwako. Hapa ndipo tuutazame ushauri wa rafiki yako wa pili. Katika majimbo mengi ulinzi ule umejengwa juu ya neno "bila kutoza". Sheria ya Ohio inaacha nafasi kwa malipo anayopewa mwenye ardhi binafsi, lakini ukimwekea dola mia mezani kama malipo ya kuingia, unamletea maswali ya biashara ambayo hakuyaomba. Wapo wenye mashamba wanaokodisha uwindaji kwa mkataba na bima, na hiyo ni njia halali, lakini bei yake huwa kubwa na mikataba mingi huchukuliwa na vikundi vya wawindaji. Kwa mtu anayeanza, usitangulize pesa. Tena wakulima wengi wa kule Darke, Preble na Miami, kaunti zinazokuzunguka, noti mlangoni huwatia shaka kuliko kuwafurahisha: wanajiuliza huyu anataka kufanya nini hata alipe kabla hajaulizwa.

Kuna upande wa pili ambao unakufaa wewe. Kulungu wanakula. Kundi la majike linaloingia kwenye soya changa mwezi Juni linaweza kuacha ukingo mzima wa shamba ukiwa vijiti. Hasara ikizidi, mkulima anaweza hata kuomba jimbo limpe kibali maalumu cha kuwapunguza nje ya msimu. Mkulima wa namna hiyo ana shida ambayo wewe unaweza kuipunguza, hasa ukimwambia wazi kwamba unataka jike na hutafuti pembe. Wawindaji wengi wenyeji wanasaka dume lenye pembe kubwa, na mashamba mengi yana mtoto wa ndugu au shemeji anayelinda dume lake kwa wivu. Anayeomba majike hagombani na yeyote. Upinde nao ni sifa njema: haupigi kelele, masafa yake ni mafupi, mishale haifiki kwa jirani, na msimu wake ni mrefu, kutoka mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Februari. Mtu anayekataa bunduki shambani kwake anaweza kuukubali upinde.

Kabla ya kumwendea yeyote, mjue ni nani. Shamba unaloliona kando ya barabara linaweza kulimwa na mtu ambaye si mwenyewe. Wakulima wengi wa Ohio wanakodi ardhi ya wajane, ya warithi waliohamia mjini, hata ya kampuni. Ukipewa karatasi na anayelima tu, huenda umepewa na asiye na uwezo wa kutoa. Ingia kwenye tovuti ya odita wa kaunti husika, ambaye ndiye anayetunza kumbukumbu za ardhi kwa ajili ya kodi. Kuna ramani, ni bure. Unabonyeza shamba na unaona jina la mwenyewe na anwani yake ya barua. Tazama pia mipaka, maana shamba unalolidhania moja linaweza kuwa na wenyewe watatu. Na usichague shamba moja tu. Andika orodha ya mashamba kumi au zaidi, kwa sababu wengi watakataa, na mtu aliyeweka moyo wake wote kwenye shamba moja huumia bure.

Sasa hofu ya mkeo. Sitaidharau, na wewe usiidharau. Aprili 2023, Kansas City, kijana mweusi wa miaka 16 alibonyeza kengele ya nyumba isiyo yake kwa kukosea anwani, akapigwa risasi. Alipona, lakini habari ile iliingia kwenye kila nyumba ya watu weusi nchi hii, na iliingia kwako pia. Siwezi kukuambia haiwezi kutokea Ohio. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nimewasindikiza wanafunzi wa darasa la uwindaji, weusi na wahamiaji, kwenye milango ya wakulima, na mara nyingi wanachokutana nacho ni mtu aliyechoka, mwenye mbwa, anayejibu kwa maneno machache. Wapo waliokuwa baridi. Wapo waliosema hapana kwa sauti ambayo hawangeitumia kwa mzungu; hilo lipo, na utalijua ukilisikia. Kujilinda kwako kusitegemee wema wa mtu usiyemjua. Kutegemee namna unavyokwenda.

Ushauri wangu kwako ni kuanza na barua. Wawindaji wenyeji hupenda kugonga mlango moja kwa moja, na kwao inafaa. Kwako barua inafanya kazi tatu kwa mara moja. Mwenye shamba anajua jina lako na nia yako kabla ya kuona uso wako, Kiingereza kinapata muda wa kusahihishwa na binti yako au mwalimu wake, na mtu anayetaka kukataa anakataa bila wewe kusimama uani kwake. Iandike kati ya Machi na Julai. Anayeomba wiki ya kufungua msimu anaonekana kama amekataliwa na kila mtu. Usiandike wakati wa kupanda mwezi Mei, wala wakati wa kuvuna kati ya Septemba mwisho na Novemba, kama unaweza kukwepa. Iwe fupi, kwa mkono au kwa mashine, na iseme mambo haya:

"Jina langu ni fulani. Naishi Dayton na mke wangu na watoto, na nafanya kazi kiwandani. Nimehitimu darasa la usalama wa uwindaji la jimbo na nina leseni. Ninawinda kwa upinde, peke yangu. Naomba ruhusa ya kuwinda kulungu jike katika shamba lako lililo kwenye barabara fulani msimu ujao. Sitaingiza gari shambani, geti nililolikuta limefungwa nitaliacha limefungwa, na nitakujulisha kila siku ninapofika na ninapoondoka. Ukiona haikufai, nitaelewa. Ukipenda, nitakuja kukusalimu Jumamosi mchana kwa muda utakaoutaja. Namba yangu ni hii."

Weka ndani fomu ya ruhusa ambayo idara ya wanyamapori ya Ohio imeiandaa. Inapatikana kwenye tovuti yao, imekamilika, mwenye shamba anatia jina na sahihi tu. Weka pia bahasha yenye stempu na anwani yako. Usipojibiwa baada ya wiki tatu, tuma mara moja nyingine, kisha acha.

Akikuita, nenda mchana kweupe. Asubuhi ya Jumapili watu wako kanisani, na saa ya chakula cha jioni mgeni ni usumbufu. Vaa nguo za kawaida safi. Nguo za madoa za kuwindia zibaki nyumbani, na upinde ubaki nyumbani pia, usiwe hata kwenye buti la gari. Mpigie simu ukiwa unakaribia. Ingia kwa njia ya mbele inayoingiliwa na kila mtu, egesha gari mahali linapoonekana, usizibe njia ya trekta. Ukimkuta mbwa, baki ndani ya gari upige honi kidogo. Ukigonga, rudi nyuma hatua kadhaa, simama pembeni ya mlango ambapo mtu anakuona kutoka dirishani, mikono ikiwa wazi. Kwenda na mkeo au mtoto mmoja ni jambo jema. Kwenda wanaume watatu si jambo jema. Mtumie mtu mahali ulipo kwa simu kabla ya kushuka. Na moyo wako ukikuambia mahali hapa si pazuri, kwa bendera iliyotundikwa, kwa kibao cha vitisho getini, kwa namna mtu alivyokutazama, geuza gari. Hakuna nyama inayostahili kuibishania hisia hiyo.

Kuhusu kujidhalilisha: ukishafika pale, usijieleze sana. Ninaona ndugu zetu wakianza kusimulia vita, kambi, miaka ya shida, kana kwamba ruhusa ni msaada wa kibinadamu. Kama mkulima atakuuliza umetoka wapi, mwambie, na mwambie pia kwamba baba yako alikuwa mwindaji. Wakulima wengi wa hapa walijifunza kuwinda kwa baba zao na wanaelewa mara moja. Lakini ombi lenyewe lisimame juu ya miguu yake: una leseni, una ujuzi, una adabu, na unataka kupunguza majike yanayomaliza soya yake. Unaweza kuongeza kwamba uko tayari kutoa siku ya kazi, kubeba majani makavu ya ng'ombe au kurekebisha waya, endapo unaweza kweli. Usiahidi kazi ambayo zamu zako za kiwandani hazitakuruhusu kuifanya.

Akikubali, usikimbie na karatasi. Huo ndio wakati wa kuuliza, na maswali yako ndiyo yatakayomtuliza kuliko ahadi. Mpaka unaishia wapi? Nani mwingine ana ruhusa, na anakaa upande gani? Niegeshe wapi? Kuna sehemu hutaki nikanyage? Naruhusiwa kufunga kichanja kwenye mti, au nikae chini? Usipigilie msumari kwenye mti wa mtu. Miti ile huuzwa mbao, na chuma ndani ya gogo kinaharibu msumeno. Muulize pia jirani ni nani, kwa sababu ya jambo hili ambalo wengi hawalijui: kulungu aliyepigwa mshale hukimbia, mara nyingi mita mia na zaidi, na akivuka mpaka huwezi kumfuata. Unatakiwa kupata ruhusa ya jirani kwanza, hata kama unamwona amelala kule. Mwindaji mwenye busara anakuwa na namba ya jirani kabla ya msimu.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la mipaka, kwa sababu gharama yake imeshalipwa na watu wanaofanana nasi. Novemba 2004, kaskazini mwa Wisconsin, mwindaji wa jamii ya Wahmong, mhamiaji kutoka Laos, alikutwa juu ya kichanja ndani ya ardhi ya watu binafsi. Kila upande ulisimulia tofauti kuhusu matusi na nani alianza. Mwisho wake watu sita walikufa na yeye alifungwa maisha. Januari 2007, katika jimbo hilohilo, mwindaji mwingine wa Kihmong aliuawa na mwindaji mzungu, safari hii kwenye ardhi ya umma ambako wote wawili walikuwa na haki ya kuwepo. Baada ya hapo Wahmong wa Wisconsin na Minnesota waliishi na macho ya watu porini. Nakuambia haya nikijua ni mazito. Karatasi mfukoni haizuii kila ubaya, lakini inakupa jibu la utulivu mtu akikufokea: ninayo ruhusa, hii hapa, tumpigie mwenye shamba. Na kama umekosea mpaka, jibu ni kuomba radhi, kushusha upinde na kuondoka mara moja, hata kama anayekufokea anatukana. Malalamiko yako yapeleke kwa askari wa wanyamapori kesho yake.

Kuna mazoea ya kwetu ambayo huku yatakutia matatani hata kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kulungu wa Ohio hawindwi kwa mbwa, hawategwi kwa waya, na hawamulikwi kwa taa usiku. Muda halali huanza nusu saa kabla jua halijachomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Mnyama ukimpata unamsajili kwa simu au programu ya idara ndani ya muda uliowekwa. Wakati wa misimu ya bunduki, kama ile wiki inayoanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving, hata wewe wa upinde unavaa kizibao cha rangi ya chungwa kali. Na nyama haiuzwi. Najua jinsi nyama ya porini inavyotafutwa kwenye jumuiya zetu, na najua mtu atakupigia simu akikupa bei nzuri. Gawa bure kwa unayempenda. Ukiuza hata mguu mmoja, leseni, upinde na heshima ya wote watakaoomba baada yako vinaondoka pamoja.

Ule mguu aliopeleka baba yako kwa mkubwa wa kijiji, hapa bado una nafasi. Mpelekee mwenye shamba nyama iliyosafishwa na kufungwa vizuri, lakini muulize kwanza kama familia yake inakula kulungu, wengi hawali. Asiyekula mpelekee kitu kingine: mandazi ya mkeo, kadi iliyoandikwa na watoto. Mtumie ujumbe msimu ukiisha, umwambie uliona nini shambani, waya uliokatika, mti ulioanguka kwenye mfereji. Kisha mwezi wa Aprili mwombe upya na umletee fomu mpya, usidhani ruhusa ya mwaka jana inaendelea. Wanaopoteza mashamba mara nyingi hupotezea hapa: walipewa, wakawinda, wakanyamaza mwaka mzima.

Wakikataa wote, na kwa mwaka wa kwanza inawezekana kabisa, hujafungiwa nje. Msitu wa taifa wa Wayne, kusini-mashariki mwa Ohio, una zaidi ya eka 240,000 zilizo wazi kwa mwenye leseni. Ni safari ndefu kutoka Dayton na vilima vyake vinachosha miguu, lakini huombi ruhusa kwa mtu. Jimbo pia lina mpango wa kuwalipa wenye mashamba ili wawaruhusu wawindaji kuingia. Unapata kibali cha siku bila malipo na mazungumzo yote yameshafanywa kwa niaba yako. Mimi ningekushauri uanzie huko hata kama barua zako hazijajibiwa, kwa sababu mkulima akikuuliza umewahi kuwinda wapi Ohio, utakuwa na jibu. Na usidharau kuomba ruhusa ya vitu vidogo. Mtu anayekataa kulungu anaweza kukubali kindi, au wale wanyama wanene wanaochimba mashimo kwenye mashamba na kuvunja miguu ya ng'ombe. Msimu mmoja wa kindi bila lawama umewafungulia wengi shamba zima.

Mwisho, mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma jibu hili. Kama unafikiria kuhamia kwenye bunduki, angalia kwanza hali yako ya uhamiaji. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya kijani kwa kawaida sheria ya shirikisho haiwazuii, lakini aliye nchini bila hadhi halali amekatazwa kabisa, na aliyekuja kwa viza ya muda anaguswa na katazo lenye msamaha wake maalumu. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, au kwa ugomvi wa nyumbani hata mdogo, naye amekatazwa. Anayesubiri majibu ya ombi la hifadhi asishike bunduki hata ya kuazima kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji. Vivyo hivyo ukiandikiwa kosa lolote la uwindaji: fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, na kosa dogo lililofichwa huleta shida kuliko lililosemwa. Usilipe faini harakaharaka ili yaishe. Kulipa kunaweza kuhesabiwa kukiri. Nenda kwa wakili kwanza, na shirika lililokupokea Dayton linaweza kukuelekeza kwa wanaotoa msaada wa bei nafuu.

Kwa maswali ya mipaka na kanuni, kila kaunti ya Ohio ina askari wake wa wanyamapori, na kumpigia simu kabla ya msimu hakumtii mtu mashakani. Ni sehemu ya kazi yake. Omba mkalimani kama Kiingereza cha simu kinakusumbua. Muulize pia ni wakulima gani wa eneo lake wanaolalamikia kulungu mwaka huu, kisha barua yako ya kwanza itume kwa mmoja wao.